Anayehesabu Anadaiwa

Mfalme Daudi aliwahesabu watu wake, na watu 70,000 wakafa kwa tauni. Mimi huhesabu watu kwa mshahara, na mwisho wa mwaka hupewa bonasi tukivuka lengo. Sura ya 24 ya Samweli wa Pili nimeisoma mara nyingi kuliko mwongozo wowote wa kazi, maana sijapata kuelewa sawasawa mfalme yule alikosa nini.

Naandika programu katika kampuni moja hapa Lodwar, Turkana. Tunatengeneza mifumo ya usajili: kaya zinazopokea fedha za ukame, wanafunzi wa basari, mbuzi wanaochanjwa, wagonjwa wa zahanati. Mteja huja na swali moja tu, wako wangapi? Tunampa vishikwambi, fomu na hifadhidata, na baada ya miezi kadhaa tunampa jibu.

Tulianza wachache, katika chumba kimoja nyuma ya duka la mabati, na feni moja iliyosukuma joto kutoka upande huu kwenda ule. Mtu asipofika, kikombe chake cha chai kilibaki kimejaa, na mmoja wetu akatoka kwenda kumtafuta. Siku hizi tuna orofa nzima, meneja wa wafanyakazi, na ubao kwenye skrini unaoonyesha nani amemaliza nini na nani amechelewa. Mlangoni imewekwa mashine ya alama za vidole, ileile tunayowauzia wateja. Nikiugua, mashine inaandika kwamba sikuingia. Kunijulia hali si kazi yake. Silalamiki, kwa kuwa watu wengi hivi hawawezi kuongozwa kwa vikombe vya chai. Nasema tu kwamba ilipofika zamu yetu ya kuhesabiwa, ndipo nilipoanza kuisoma Biblia yangu kwa makini zaidi.

Maandiko yenyewe hayakubaliani. Samweli anasema Mungu ndiye aliyemchochea Daudi kuhesabu. Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura ya 21, inasema ni Shetani. Hata jumla zinatofautiana: huku ni wanaume 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda, kule ni 1,100,000 na 470,000. Na Mungu huyohuyo ndiye aliyemwamuru Musa jangwani awahesabu watu, amri inayofungua kitabu kizima cha Hesabu. Kwa hiyo kuhesabu peke yake hakuwezi kuwa dhambi. Lazima kuna namna ya kuhesabu inayoua na namna isiyoua.

Baba yangu alikuwa mfugaji upande wa Kakuma, na sikuwahi kumsikia akitaja idadi ya mbuzi wake. Jioni walipoingia bomani alisimama mlangoni akiwatazama wakipita, kisha akasema, yule mweusi mwenye doa kwenye jicho hayupo. Maofisa waliofika kwetu walidhani hajui hesabu. Alijua sana. Kwake kutaja idadi ya mali ni kuialika hasara, na kulikuwa na sababu nyingine isiyohitaji imani yoyote: waliokuja kuhesabu mara nyingi walikuja pia kuchukua. Mkoloni alihesabu vibanda ili atoze kodi. Kipande, kitambulisho cha lazima kilichoanza kutumika mwaka 1920, kilining'inia shingoni mwa wanaume Waafrika wa Kenya ndani ya kikopo cha chuma, na alama za vidole zikiwa humo. Teknolojia ninayoiuza leo kama kitu kipya ilishawahi kuvaliwa na babu zetu kama kengele ya ng'ombe.

Lakini pia nimeona kinachompata asiyehesabiwa. Sensa ya 2009 ilitoa idadi ya watu 855,399 kwa Turkana. Mwaka uliofuata, Waziri wa Mipango Wycliffe Oparanya akayafuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, akisema ongezeko lake halielezeki, na tatu kati ya hizo zilikuwa zetu: Turkana Kaskazini, Kati na Kusini. Ugatuzi ulipokuja, fomula ya kwanza ya kugawa fedha za kaunti iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Kwa fomula hiyo, mtu anayefutwa kwenye karatasi anafutwa pia kwenye kisima, kwenye darasa na kwenye dawa. Sensa ya 2019 ilituhesabu 926,976, na sijamsikia Mturkana hata mmoja akiomba idadi hiyo ipunguzwe. Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wanaosema tuzime mashine turudi bomani.

Kakuma ndiko swali linakokuwa kali. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa 2016, ina watu wapatao 300,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Tangu 2013 mgao wa chakula huanza na kidole juu ya kioo. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, kaya ziligawanywa katika makundi manne kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la nne likaachwa nje ya mgao. Tarakimu moja kwenye safu moja ya jedwali ikawa ndiyo chakula cha jioni au kukikosa.

Watu wengi hudhani mashine ya vidole inajua. Haijui. Inalinganisha alama mbili na kutoa kiwango cha mfanano, halafu kuna kizingiti alichokiweka mtu. Ukikiinua kizingiti, wadanganyifu wanapungua lakini wenye haki wanaokataliwa wanaongezeka. Ukikishusha, mambo yanageuka. Hakuna mahali pa kukiweka ambapo hakuna anayeumia. Na wanaokataliwa si watu wa bahati mbaya tu. Vidole vinavyosagika ni vya mchoma makaa, mbeba mawe, mwanamke aliyesuka vikapu vya mkoma maisha yake yote, na mzee. Mwenye vidole laini kama vyangu hupita mara ya kwanza. Ofisini kwetu kizingiti ni namba moja ndani ya faili la mipangilio. Anaibadilisha mtu mmoja kati ya chai na chakula cha mchana, na hakuna anayeona kwamba pale pamefanyika jambo la kidini.

Katika kazi moja ya usajili wa wenyeji wa mji wa Kakuma, ng'ambo ya laga ya Tarach, mto wa msimu, nilikaa kando ya kijana wetu alipokuwa akimhudumia nyanya mmoja. Kidole kilikataa. Kijana akakifuta kwa kitambaa, akajaribu cha pili, cha tatu, mkono wa pili. Akamuuliza amezaliwa lini. Nyanya akasema kifungua mimba wake alikuwa akinyonya wakati wa Lopiar, ule ukame wa 1979 hadi 1981 uliofagia mifugo. Kwa mtu wa Turkana hilo ni jibu kamili. Fomu ilitaka siku, mwezi na mwaka, kwa hiyo kijana akakadiria mwaka na kuandika tarehe 1 Januari, siku ambayo mifumo ya hapa imewazalia watu wengi ajabu. Nyanya alinigeukia, akaniuliza kwa Kiturkana, bila hasira: kesho nisipoonekana, hicho chombo kitauliza niko wapi?

Nilimjibu, hapana, nyanya, hakitauliza.

Tangu siku hiyo nadhani naijua tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Daudi alimtuma jemadari wake Yoabu kuzunguka nchi nzima, kazi ya miezi tisa na siku ishirini, na alichotaka kujua ni wanaume wangapi wanaoweza kushika upanga. Hakuuliza nani ana njaa wala nani amefiwa. Aliwahesabu kwa matumizi yake. Hata Yoabu, mtu wa vita asiye na moyo mwepesi, alimkataza. Tauni ilipokuja iliwachukua waliohesabiwa ikamwacha aliyehesabu, na Daudi mwenyewe alilia mbele za Mungu juu ya udhalimu huo. Alipokwenda kutoa sadaka kwenye uwanja wa kupuria wa mtu aitwaye Arauna, akapewa kila kitu bure, alikataa. Alilipa shekeli 50 za fedha. Katika Kutoka, sura ya 30, kila anayehesabiwa hutoa nusu shekeli, tajiri asizidishe na maskini asipunguze, ili tauni isije. Nasoma hivi: kuhesabu watu kuna bei, na bei hiyo isipolipwa wazi, watailipa wasio na uwezo.

Mwenzangu mmoja, Msomali aliyekulia Kakuma 1, ambaye huomba kibali kila anapokuja Lodwar, alinisikiliza nikiyasema haya kisha akaniambia kwamba kwao limo katika majina 99 ya Mwenyezi Mungu jina la Al-Muhsi, Mwenye kudhibiti idadi ya kila kitu. Tofauti, akasema, ni kwamba Yeye haitaji jumla kwa kumsahau mmoja. Binadamu anayeazima kazi hiyo aazime na wajibu wake.

Hapo ndipo kampuni inayokua inapokwama. Katika taarifa zetu za wiki, usajili uliofaulu kwa asilimia 99 hupigiwa makofi. Katika mfano wa kondoo aliyepotea, Luka 15, asilimia 99 ndiyo mwanzo wa kazi. Na asilimia moja ya watu 300,000 ni watu 3,000, zaidi ya wote waliosoma shule ya msingi pamoja nami. Kampuni ilipokuwa ndogo, aliyekataliwa na mashine tulimfuata kwa bodaboda. Sasa hatuwezi, wala si kwa sababu tumekuwa wabaya. Kukua, kwa jinsi wahasibu wanavyokupima, ni gharama ya kila kichwa kushuka, na hakuna kichwa ghali kama kile kilichopotea. Bosi wetu ni mtu mwema, hukosa misa mara chache kuliko mimi. Ananiambia mteja hulipa kwa kila kaya iliyosajiliwa, na hakuna mkataba unaolipa kwa waliokosekana. Ni kweli.

Ni kweli pia kwamba mchungaji wa Luka angechekwa Turkana. Kuwaacha kondoo 99 nyikani, pamoja na fisi na wezi wa mifugo, ili kumfuata mmoja, ni njia ya kurudi bila hata mmoja. Nilipomsomea baba mfano huo hakuona shida. Alisema habari haikutaja kila kitu: lazima alimwachia kundi mtoto wake. Mchungaji wa peke yake hawezi kuwa mchungaji mwema, hata angetaka. Wema wake unahitaji mtu wa pili.

Kwa hiyo nimeacha kutafuta programu bora zaidi na nimeomba mtu wa pili. Katika bajeti ya mwaka ujao nimeandika pikipiki moja na mshahara mmoja, wa mtu anayezungumza Kiturkana, Kisomali na Kiswahili, ambaye kazi yake pekee ni orodha ya waliokataliwa na mashine: awapate, mmoja mmoja, kwa majina. Meneja ameniuliza utendaji wa mtu huyo utapimwaje. Nimemjibu kwamba orodha ikiwa tupu kwa sababu wote wamepatikana, atakuwa amefanya kazi yake. Ikiwa tupu kwa sababu hakuna aliyeiandika, basi tumewahesabu watu hawa kwa mkopo, na deni ni letu.