Ulimi wa Wakili na Dhamiri Yake

Wazazi wengi hutamani kumwona mtoto wao amevaa joho la uwakili. Wachache hujiuliza swali litakalomkabili huko kazini: je, ni halali mtu mwema kumtetea mwenye shauri asilolipenda?

Swali hilo limeleta mabishano makali nchini Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilichipuka. Huko wako mawakili ambao kazi yao hasa ni kunena mbele ya majaji. Baadhi yao hushughulikia mashauri ya raia na serikali, ya matumizi ya ardhi na ya hifadhi ya mazingira. Leo wakili humtetea mwanakijiji anayepinga kiwanda. Kesho humtetea mwenye kiwanda. Kanuni yao ya zamani yafanana na ile ya teksi kituoni: dereva aliye mbele ya foleni hamchagui abiria. Shauri likiwa la fani yake, naye ana nafasi, na ujira ni wa haki, hana ruhusa kulikataa kwa kuwa tu halimpendezi. Lakini mwezi Machi 2023, wanasheria zaidi ya 100 walitangaza kwamba hawataitumikia miradi mipya ya mafuta, gesi na makaa ya mawe, kwa kuwa yaiharibu dunia. Wengine wakawalaumu kwamba wanaivunja kanuni.

Tusiwadharau walioisikiliza dhamiri. Hata hivyo, tutazame yaliyotokea katika mkoa wa Surrey. Mwaka 2019 halmashauri iliruhusu mafuta yachimbwe, bila kupima madhara ya moshi utakaotoka yatakapochomwa. Mwanamke mmoja, mkazi wa huko, akaenda mahakamani. Alishindwa mwaka 2020; akashindwa tena katika rufani mwaka 2022. Tarehe 20 Juni 2024 Mahakama ya Juu ilimpa haki, majaji 3 dhidi ya 2. Ikiwa majaji wenyewe walitofautiana hivyo, ni wakili gani awezaye kuapa mapema kwamba ajua haki iko wapi? Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ndiyo maana jaji huhitaji kuzisikia pande zote mbili. Nikodemu naye aliwakumbusha Mafarisayo kwamba sheria haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Na anayeshangilia leo tajiri wa mafuta akikosa msemaji, na akumbuke kwamba kesho atakayechukiwa na wakubwa aweza kuwa mwanakijiji.

Lakini kanuni hiyo si kifuniko cha udhalimu. Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kwamba wakili anayetetea shauri la dhuluma hali akijua, atenda dhambi nzito. Akiigundua dhuluma katikati ya kazi, yampasa aache, wala asizitoe siri za mteja kwa upande wa pili. Hapo ndipo mpaka ulipo: kutolipenda shauri si sawa na kujua kwamba ni la dhuluma. Hata sheria za Uingereza zamkataza wakili kuwadanganya majaji kwa faida ya mteja wake.

Limebaki jambo moja, nalo ni ule ujira wa haki. Teksi haichagui abiria, lakini asiye na nauli hubaki kituoni. Uingereza imejaribu kupunguza mzigo: mtu binafsi akishindwa katika shauri la mazingira, kwa kawaida hatozwi zaidi ya pauni 5,000 za gharama za upande wa pili. Kwa fukara hata hizo ni nyingi, na wakili wake mwenyewe bado yuadai malipo. Mahali kanuni inapokoma, wajibu wa Mkristo haukomi. Mtakatifu Thoma hamdai wakili amtetee kila maskini, bali yule ambaye shida yake i wazi na hana mwingine wa kumsaidia. Na Mtakatifu Ivo wa Brittany, aliyefariki mwaka 1303, aliwatetea maskini bila malipo. Leo ndiye msimamizi wa mawakili.

Basi, ewe mzazi, mwanao akirudi kutoka chuo cha sheria, usimwulize kwanza atamtetea nani. Mwulize kama atasema kweli, na kama asiye na nauli atampakia.