Jina Chini ya Picha

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wakusanyao picha za wachezaji mashuhuri, kama wengine wakusanyavyo stempu. Mmoja wa wachezaji hao ni Anna Pavlova, mwanamke Mrusi aliyezaliwa mwaka 1881, akafa mwaka 1931. Yeye alicheza baleti, yaani mchezo ambao hadithi husimuliwa kwa viungo vya mwili tu pasipo neno, na alisifiwa zaidi kwa mchezo mfupi wa bata maji anayekufa. Picha yake akiwa katika mchezo huo ina bei; lakini ile aliyoitia sahihi kwa mkono wake ina bei kubwa zaidi.

Labda msomaji atauliza: Karatasi ni ile ile, sura ni ile ile, kimeongezeka nini? Twajibu: Limeongezeka jina, nalo limeandikwa na mwenyewe. Mtu aweza kupigwa picha asijue wala asitake. Sahihi ni ushuhuda ya kwamba mwenye sura aliiona, akaikubali, akaitoa kwa hiari yake.

Sasa na tutazame kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwako Unguja wapiga picha wenye maduka, kama A. C. Gomes, na postikadi za siku hizo zilisafiri kwa meli mpaka Ulaya. Katika postikadi hizo wamo wacheza ngoma. Chini yake pengine pameandikwa jina la ngoma, pengine neno "wenyeji" tu. Jina la mchezaji halimo. Naye alikuwa na wazazi waliompa jina, alijifunza mchezo wake kwa jasho, na kijijini kwake alijulikana. Leo sura yake huuzwa kwa wakusanyaji, na ni nani awezaye kuwaambia wajukuu wake, "Huyu ni babu yenu"?

Wako watakaosema, "Mkristo asipende jina lake litajwe, hayo ni majivuno." Neno hili ni kweli kwa nafsi ya mtu, si kweli kwa jirani yake. Mtu akificha jina lake mwenyewe, huo ni unyenyekevu. Akilifuta jina la mwenzake, hiyo ni dhuluma. Bwana wetu alipofundisha habari ya mchungaji mwema, alimsifu kwa kuwa ajua majina ya kondoo zake.

Wengine watasema ya kwamba ngoma nyingine hazifai. Hatubishi. Lakini mtu hapotezi jina lake kwa sababu sisi hatukuipenda ngoma yake.

Wala hatusemi karatasi itukuzwe. Atoaye fedha za chakula cha watoto ili apate sahihi ya mchezaji amepotewa na kipimo. Heshima ni ya mtu. Karatasi ni ukumbusho tu.

Jambo hili lawezekana. Marehemu Fatuma binti Baraka, mwimbaji na mpiga ngoma wa unyago wa Unguja, alifariki mwaka 2013, na hata leo watu wengi wakiona picha yake husema mara moja, "Ni Bi Kidude." Hapa Pemba vijana wakicheza msewe, ngoma iitwayo kwa jina la ile misewe ifungwayo miguuni, simu nyingi huinuliwa ili kuwapiga picha. Basi yatupasa kuwaomba ruhusa kwanza, kuwauliza majina yao, na kuyaandika pamoja na picha. Nazo picha za zamani zilizomo masandukuni mwetu, tuzipeleke kwa wazee wangali hai, tuandike nyuma yake kila jina watakalotuambia. Kazi hiyo haitaki fedha, yataka kalamu na saa moja ya jioni. Lakini wazee wakiisha kuondoka, hatutakuwa na wa kumwuliza.