Haya Isitufungie Mlango wa Daktari



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Osukuru, Tororo, nikaanza kusikia maumivu kila nilipokwenda haja ndogo. Nikanyamaza. Homa ilipoanza, nilimwambia mama ni malaria, na kwetu hilo halimshangazi mtu. Nikanunua vidonge vichache duka la dawa, nikameza siku mbili, nikaacha. Sikuogopa ugonjwa, niliogopa midomo. Nilijiambia: binti wa hijabu akitaja maradhi ya huko, watasema amezini.

Wiki ya pili mgongo ukanishika. Nilikwenda kituo cha afya, na mbele ya daktari nikasema tu, "Tumbo linauma." Nikapewa dawa ya tumbo. Daktari hakukosea, alitibu nilichomwambia. Siku tatu baadaye nilirudi nikitetemeka, nikaeleza yote. Baada ya kupima mkojo akaniambia, "Binti yangu, haya ni maambukizi ya njia ya mkojo. Hata asiyewahi kumjua mwanamume huyapata. Ungezidi kuchelewa, yangekuumiza figo."

Nilirudi nyumbani nikimkumbuka Ummu Sulaym (r.a.). Alimwendea Mtume (s.a.w.), akatanguliza kusema kuwa Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki, kisha akauliza kama mwanamke aliyeota ndoto humlazimu kuoga. Mtume hakumkemea, alimjibu waziwazi. Naye Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Kumbukeni pia yule sahaba aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwakemea, akasema kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Tazameni: mtu alikufa kwa jibu la wasiojua. Nasi leo tunawauliza wenzetu wa bwenini kabla ya daktari!

Haya ni katika imani, lakini haya hulinda heshima. Haiui mwenye nayo.

Basi nawausia, na najiusia mwenyewe kwanza. Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi: maumivu yalianza lini, umemeza dawa gani, una maswali gani. Ulimi ukikwama, mpe daktari asome. Dada, una haki ya kuomba uhudumiwe na mwanamke. Asipokuwepo, omba muuguzi wa kike au mtu wako wa karibu awepo. Wanachuoni wameruhusu kufunua sehemu inayohitaji tiba kwa kadiri ya dharura. Kaka, nawe usijifiche nyuma ya uanaume. Usipoelewa, sema, "Daktari, nieleze tena." Ikiwa umefunga, uliza kuhusu dawa zako, mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Na dozi imalize, hata ukijiona umepona.

Siri yako ni amana kwa daktari. Mkataba wa haki za wagonjwa wa Uganda wa mwaka 2009 umeitaja haki hiyo, na ukiona mlango uko wazi wakati unaeleza shida yako, omba ufungwe. Wala usiseme huna pesa: ada katika vituo vya afya vya serikali zilifutwa mwaka 2001.

Na sisi tunaokaa kwenye foleni, tumwonapo mwenzetu pale, tumdhanie kheri na tumwombee shifaa. Dhana mbaya niliyoiogopa mimi ilikuwa ya nani, kama si yetu?

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, utusitiri, na utupe ujasiri wa kusema kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.