Pokea Kwanza: Nasaha kwa Mkristo Anayekuja Kuishi Homa Bay na Migori

Kwako ndugu katika Kristo, uliyepangiwa kufundisha Rongo, kuhudumia wagonjwa Mbita au kulea usharika kule Isebania. Huenda unatoka Mwanza, Mbarara, Lubumbashi au Ulaya. Mimi ni mtu wa Mara, ng'ambo ya Sirari, na upande huu wa mpaka nimelipa kodi ya nyumba, nimezika majirani na nimeugua nikauguzwa. Nasaha ninazokuandikia ni nyingi kwa hesabu, lakini mzizi wake ni mmoja. Mkristo akienda ugenini huja akiwa na la kutoa: neno, elimu, dawa, fedha. Adabu inamtaka apokee kwanza.

Bwana wetu alipoketi kisimani Samaria, alianza kwa kumwomba maji mwanamke wa kabila ambalo Wayahudi hawakushirikiana nalo. Alikuwa na mengi ya kumpa, lakini alitanguliza kiu yake. Na alipowatuma wanafunzi wake sabini aliwakataza mfuko wa fedha, akawaagiza wale chochote watakachoandaliwa na wasihamehame nyumba. Aliwatuma wakiwa wahitaji makusudi. Asiyehitaji kitu kwa jirani hana njia ya kuwa jirani.

Kule Nyatike, katika kaunti ya Migori, kuna maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila chokaa wala saruji, na malango yake ni membamba na mafupi. Mtu mzima huingia akiinama, na aliyebeba mzigo kichwani hana budi kuushusha kwanza. Nawe ingia katika nchi hii hivyo hivyo.

Kuhusu waliokutangulia

Usije ukidhani wewe ndiwe unayeileta Injili. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay na kuanzisha kazi ya Waadventista Wasabato. Watu humkumbuka Mzungu na kumsahau Nyambo, aliyekuwa mgeni vilevile na aliyekuwa mbali na kwao vilevile. Carscallen aliandaa sarufi ya Kijaluo. Hakuna sarufi inayoandikwa bila wenyeji kuketi na mgeni na kumsahihisha, neno kwa neno, siku baada ya siku. Kabla hajawa mwalimu wao, walikuwa wamekwisha kuwa walimu wake.

Tangu hapo makanisa yameota mizizi. Jimbo Katoliki la Homa Bay liliundwa mwaka 1993. Kanisa la Legio Maria, lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lina mahali pake patakatifu Got Kwer, Migori. Utawakuta waumini wake njiani wamevaa kanzu za rangi, rozari shingoni. Usicheke, usiwapige picha, usiulize kama wao ni Wakristo wa kweli. Wasalimu, uendelee na safari yako.

Kuhusu salamu

Hapa mtu haanzi na shida yake. Ukiingia dukani kununua vocha ukaanza na "nipe", utapewa, na muuzaji atajua wewe ni mtu wa namna gani. Jifunze kusema oyawore asubuhi, oimore jioni na erokamano unapopewa kitu, kabla hujajifunza jambo lingine lolote la Kijaluo. Msalimu na kijana wa bodaboda kabla ya kumwuliza bei. Mama mwenye watoto mwite kwa jina la mtoto wake, mama Achieng' au mama Otieno, na mzee usimwite kwa jina lake tupu.

Jua pia uko wapi. Kehancha ni kwa Wakuria, na ukiwasalimu kwa Kijaluo utakuwa umewaambia kwamba kwako wote ni mamoja. Rusinga na Mfangano ni visiwa vya Wasuba, na ijapokuwa wengi wao leo wanazungumza Kijaluo, hawajasahau asili yao. Ukiwa huna hakika, Kiswahili kitakusitiri popote, kuanzia soko la Oyugis mpaka mpakani. Ila usikitumie kuwasahihisha watu. Wewe uliyekulia Kiswahili usitabasamu mwenzako anapokosea ngeli, maana wewe bado hujaweza hata tarakimu kumi za lugha yake.

Kuhusu chakula

Hapa ndipo wageni wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Utaketishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Mtoto ataleta jagi na beseni, atainama na kukumwagia maji mikononi. Kisha utaletewa ugali, mboga, na ngege mzima, yule ambaye sisi wa Musoma na Mwanza tunamwita sato, kichwa na mkia vikiwapo, amelala kwenye mchuzi wa nyanya. Samaki mzima kwa mtu mmoja ni heshima. Usiulize kama ana miiba, usiombe kijiko. Anza mgongoni, chambua kwa vidole, miiba iweke ukingoni mwa sahani. Mwenyeji atakutazama bila kukutazama.

Usiseme umeshiba kabla hujala. Kama kweli umeshiba, kula matonge machache na ushukuru. Kama unaogopa maji, omba chai. Ile imechemshwa, na hakuna atakayejua kwa nini umeichagua. Na ukisikia kuku anapiga kelele nyuma ya nyumba, jua safari yako imeahirishwa. Kuku huyo hakamatwi kwa ajili ya mtu anayeondoka baada ya nusu saa. Usimwambie mama asijisumbue, kwani amekwisha kuamua, na kumzuia ni kumwambia kwamba umemwona hana uwezo.

Kwa familia ya Kisabato usipeleke kahawa, wala kambare, kwa sababu hana magamba na hawamli. Sukari, mkate, sabuni au majani ya mboga kutoka shambani kwako vinatosha. Zawadi kubwa humlazimu mwenyeji kutafuta kubwa zaidi ya kukurudishia.

Watu wa huku wanajua vizuri uzito wa kumfukuza mgeni. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la maji ya chumvi, Simbi Nyaima. Wasimulizi husema palikuwa na kijiji, na usiku mmoja wa karamu alifika bibi kizee mchovu akiomba hifadhi. Wote walimfukuza isipokuwa mwanamke mmoja. Bibi alimwambia mwanamke huyo aondoke na watu wake, kisha kijiji kikazama kwa mafuriko, pamoja na walevi na ngoma zao. Hadithi hii humfundisha mwenyeji. Kwa mgeni ina upande wake wa pili: mtu akikufungulia mlango, elewa kwamba anatimiza jambo kubwa, na usilifanye dogo kwa kukataa kikombe cha uji.

Hata hivyo wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baada ya kulishwa, chota maji, chambua omena, yaani dagaa, shika jembe. Utacheka mwenyewe utakavyolishika, na watacheka nao. Kicheko hicho kina faida kuliko hotuba yako ya kujitambulisha kanisani.

Kuhusu siku ya ibada

Hapa Jumamosi na Jumapili zote ni siku za Bwana, kutegemea uko nyumba gani. Kwa Msabato siku hiyo huanza Ijumaa jua likizama. Kama jirani yako ni Msabato, usiende kumdai deni Ijumaa jioni, usimpigie simu ya biashara Jumamosi, usimwombe mwanawe akusaidie kupakia mizigo. Nawe usianze naye ubishi wa siku gani ni sahihi. Ubishi huo umekaa hapa zaidi ya miaka mia, na wameujibu watu waliosoma kukuzidi. Mkaribie kwa njia nyingine: siku moja nenda kanisani kwao, keti nyuma, sikiliza kwaya.

Kuhusu msiba

Kama utazingatia nasaha moja tu, iwe hii. Katika Homa Bay na Migori ujirani hupimwa msibani. Unaweza kukosa harusi ukasamehewa.

Mtu hapa huzikwa nyumbani kwao. Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa waziri mwenye jina duniani kote, na kaburi lake liko Rusinga. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui alitaka azikwe karibu na Nairobi, akisema marehemu aliishi maisha ya kisasa ya Kikristo. Ukoo ulidai mwili, kesi ikafika Mahakama ya Rufani, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Uwe na maoni yoyote uyatakayo kuhusu hukumu ile, lakini usiyaseme chini ya hema la wafiwa.

Nenda mapema, kabla ya siku ya maziko. Akina mama watakuwa wakichota maji na kupepeta mahindi; wanaume watakuwa wakisimamisha hema na kupasua kuni. Tafuta kazi. Mchango wako uandikishe kwenye daftari, maana majina husomwa kwa kipaza sauti, na asiyeandikwa ni kama hakuja. Toa kadiri ya majirani wenzako. Ukitoa mara kumi yao utakuwa umewaaibisha nyumbani kwao. Wasabato hawaziki Jumamosi, kwa hiyo uliza siku kabla ya kupanga safari.

Usiulize marehemu aliugua nini. Ukimwi umeipiga Homa Bay kuliko sehemu nyingi za Kenya, na hakuna boma lisilo na kovu. Walishapita hapa wahubiri waliokuja kuhesabu dhambi za wafu mbele ya watoto wao. Usimnyooshee kidole mama anayeuza samaki ufukweni kwa mapatano anayolazimishwa na wenye mitumbwi, ya kutoa mwili ili apate samaki. Kama una neno juu ya dhuluma ile, anza na mwenye mtumbwi. Na hoja juu ya kurithi wajane, au mila yoyote isiyokupendeza, isubiri mpaka uwe umekaa nao miaka na umealikwa kuisema.

Kuhusu fedha

Utaombwa. Ada ya shule, dawa, nauli, paa la kanisa. Usikasirike, kwa kuwa wanaombana wao kwa wao vilevile, na kuombwa ni dalili kwamba umehesabiwa miongoni mwa watu. Kama huna, sema huna. Usiseme "nitaangalia", sababu kesho kutwa mtu atafika mlangoni kuangalia pamoja nawe. Ukiahidi, timiza siku ile ile uliyotaja.

Sadaka kubwa ipitie kwa wazee wa kanisa. Usiikabidhi mbele ya kamera, wala usimpige picha mtoto asiye na viatu ili wafadhili wa kwenu wafungue mikoba. Mtoto huyo ana mama, na mama huyo ndiye aliyekuchinjia kuku.

Jua pia majira ya fedha za watu. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa taa zao hazivuti samaki. Wiki hiyo mfuko wa mvuvi huwa mkavu. Mkulima wa miwa wa Awendo hungoja miezi mingi shamba likomae, kisha akangojea malipo. Usidai deni wakati wa mbalamwezi, na usimwite mtu mvivu kabla hujajua kalenda yake.

Nawe kubali kukopa. Kopa chumvi, kopa ngazi, omba ushauri wa kodi ya nyumba. Ukiugua usijifungie ndani ukapiga simu kwenu. Waache majirani waje, waketi kimya sebuleni, waombe sala ndefu, wakuachie mayai matatu kwenye kikapu. Yapokee kwa mikono miwili, hata kama friji yako imejaa mayai.

Kuhusu kuondoka

Usiondoke kama mwizi. Lipa madeni ya duka, rudisha vitabu, pita nyumba kwa nyumba kuaga, na kwa mzee mmoja au wawili keti wakuombee. Watakupa vitu: mkungu wa ndizi, kuku hai, omena mkavu kwenye gunia. Vichukue, hata kama basi ni la usiku na kuku atakusumbua hadi Sirari.

Ukifika kwenu utaitwa mbele ya kanisa utoe taarifa. Hapo ndipo adabu yako ya miaka yote itakapopimwa, maana wenyeji wako hawatakuwepo kukusikia. Usiwapake umaskini ili wewe uonekane shujaa. Usisimulie siri za boma lililokulisha. Na mtu akisimama akakuuliza umewafanyia nini watu wa Homa Bay na Migori, anza kwa kumtajia, kwa majina na kwa utaratibu, waliyokufanyia wewe. Yako yaje mwisho, na yawe mafupi.