Kikaragosi, Kumbukumbu na Hatia: Suala la Sandmännchen

Katika Kiswahili, neno kikaragosi lina maana mbili ambazo haziachani kwa urahisi. Ni sanamu inayochezeshwa ili kuwafurahisha watazamaji. Ni pia mtu, au hata serikali nzima, anayetumiwa na wengine kwa manufaa yao. Ukaribu wa maana hizi hudhihirika mtu anapoichunguza kumbukumbu ya watu wazima wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki kuhusu Sandmännchen, kikaragosi mfupi mwenye kindevu cheupe aliyeanza kuwanyunyizia watoto mchanga wa usingizi katika televisheni ya nchi hiyo tarehe 22 Novemba 1959. Swali linalozuka ni hili: je, ni halali kukienzi kilichomfurahisha mtu utotoni iwapo kilitengenezwa na dola iliyowafungia wazazi wake na kuwapeleleza?

Jibu jepesi ni kwamba mtoto hakujua, na kwa hivyo kumbukumbu yake haina hatia. Jibu hilo halitoshi. Kutojua humwondolea lawama mtoto wa wakati ule. Hakumwondolei mtu mzima wa leo, maana kukumbuka ni tendo, na tendo hilo linafanywa sasa na mtu anayejua. Isitoshe, Plato alikwisha kuonya katika Jamhuri kwamba hadithi anazosimuliwa mtoto hujichora katika nafsi kabla akili haijapata uwezo wa kuzikataa. Kama alisema kweli, basi utamu wenyewe ndio wa kutiliwa shaka.

Na ushahidi wa kutilia shaka haukosekani. Sandmännchen alizuru kambi za Mapionia na akawatembelea wanajeshi. Mnamo Agosti 1978 Sigmund Jähn, Mjerumani wa kwanza kufika angani, alipaa naye katika chombo cha Kisovieti. Mhakiki aliyezoea kuitafuta itikadi katika maudhui huenda asiione hapa, kwa kuwa visa vyenyewe vilikuwa vya wanyama, usingizi na utundu wa kawaida. Itikadi ilikuwa katika usafiri. Kikaragosi alisafiri kwa helikopta, kwa roketi, kwa puto. Alifika Vietnam na Afrika. Ilhali tangu tarehe 13 Agosti 1961 wengi wa watazamaji wake hawakuruhusiwa kuvuka mtaa na kuingia Berlin Magharibi. Septemba 1979 familia mbili zilitoroka usiku kwa puto zilizolishona zenyewe kwa siri. Kilichokuwa burudani ya jioni kwa kikaragosi kilikuwa kosa la jinai kwa raia.

Hata ufundi wenyewe unaweza kusomwa hivyo. Gerhard Behrendt, aliyemuunda, hakutumia nyuzi. Kikaragosi alisogezwa kidogo, akapigwa picha, akasogezwa tena, na kila mara mkono uliondolewa kabla ya picha kupigwa. Katika maonyesho ya nyuzi mtoto mdadisi huweza kuinua macho akamwona mchezeshaji. Hapa hakuna cha kuona. Msomaji mwenye chuki na dola ile atasema hiyo ndiyo sura yake halisi: mwendo usio na mkono. Usomaji huo unavutia, ila una kasoro, kwani mbinu hiyohiyo ilitumika London na Prague bila kumaanisha jambo hilo. Ishara inayofaa kila mahali haithibitishi lolote kuhusu mahali pamoja.

Kuna kisa kimoja chenye uzito zaidi. Katika kipindi cha mwanzo kabisa, kikaragosi alipokwisha kuwalaza wengine alichoka, akalala mwenyewe kwenye kona ya barabara, katika theluji. Watoto waliandika barua wakijitolea kumpa vitanda vyao. Hakuna kamati iliyowaagiza. Dola ilitengeneza sanamu. Huruma ililetwa na watoto wenyewe. Anayeikumbuka huruma hiyo basi haikumbuki dola, bali anakumbuka tendo lake mwenyewe, na tendo hilo haliwezi kutaifishwa. Atakayejibu kwamba huruma ndiyo mlango ambao dola hupitia atakuwa amesema kweli, lakini mlango si mali ya apitaye.

Huenda ndiyo sababu, baada ya ukuta kufunguka tarehe 9 Novemba 1989, wazazi walipinga vikali mpango wa kukiondoa kipindi hicho. Televisheni ya Mashariki ilifungwa mwishoni mwa 1991, viwanda vikafungwa, mitaa ikapewa majina mapya. Kati ya Sandmännchen wawili, kwa maana Magharibi nako kulikuwa na wake tangu Desemba 1959, aliyetoweka ni wa Magharibi. Ni vigumu kupata jambo jingine ambalo muungano wa 1990 uliliamua kwa namna hiyo.

Mambo yanakuwa magumu zaidi katika kizazi cha pili. Kipindi kingali kinaonyeshwa, na mzazi aliyezaliwa kabla ya 1989 hukaa na mwanawe wakimtazama kikaragosi yuleyule. Kwa mtoto, roketi ni roketi tu. Mzazi anaona roketi, anaona pia Jähn, anaona sebule ya wazazi wake na jirani ambaye hakupaswa kusikia mazungumzo yao. Picha haina alama ya kutofautisha watazamaji hawa wawili. Kipindi huchukua takriban dakika kumi, kisha mchanga hunyunyizwa, na mzazi huwa bado hajaamua aseme nini.