Sadaka na Sitara

Hakuna mtu aliyelelewa katika desturi za Waswahili asiyejua wasia wa kutenda wema na kwenda zake. Wasia huo ni mwepesi kutamka na mzito kutimiza. Mtoaji hupenda kutazama nyuma. Aghalabu hutaka kujua kama aliyepewa ameshukuru, kama majirani wameona, na kama jina lake limetajwa kwa uzuri. Haja hiyo ndiyo mama wa masimango, na masimango ni sadaka iliyogeuzwa kuwa deni: aliyelishwa jana hukumbushwa leo mbele za watu kwamba shibe yake si yake. Kwa sababu hii Uislamu na Ukristo zimeisifu sana sadaka ya siri. Lakini sifa hiyo huleta swali: siri ya sadaka ni mali ya nani? Ni ya mtoaji, ili moyo wake usiharibiwe na majivuno, au ni ya mpokeaji, ili uso wake usiingie haya? Swali hili si la maneno matupu, kwa kuwa mwenye siri ndiye peke yake mwenye haki ya kuifungua.

Mauti ya mwimbaji wa Uingereza, George Michael, yaliliweka swali hili mbele ya watu wengi. Alizaliwa London tarehe 25 Juni 1963, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Georgios Kyriacos Panayiotou. Baba yake alikuwa Mgiriki wa kisiwa cha Cyprus aliyehamia Uingereza akafanya biashara ya mkahawa. Mama yake alikuwa Mwingereza. Mwaka 1981 yeye na rafiki yake wa shule, Andrew Ridgeley, walianzisha kundi la Wham!, na nyimbo zao za kwanza zilikuwa za ujana na furaha. Baadaye alisimama peke yake. Santuri yake iliyoitwa Faith ilitoka mwaka 1987, na mwaka 1989 ilipewa tuzo ya Grammy ya albamu bora. Alitunga mwenyewe maneno na lahani, na sauti yake ilikuwa na uwezo wa kupanda juu bila kelele na kushuka chini bila kufifia. Mwaka 1990, alipotoa Listen Without Prejudice Vol. 1, alikataa sura yake kuonyeshwa katika jalada na katika filamu za nyimbo zake. Alitaka wimbo usikilizwe kwa thamani yake, si kwa uzuri wa anayeuimba. Yamkini mtu wa tabia hiyo alikwisha kujua kwamba kuonekana ni mzigo kama kulivyo fahari.

Ukarimu wake ulikuwa wa namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa ya hadharani. Mwishoni mwa mwaka 1984 njaa kubwa iliiangamiza Ethiopia, na waimbaji wa Uingereza na Ireland walikusanyika London kwa jina la Band Aid wakarekodi wimbo wa kuchangisha fedha. George Michael alikuwa miongoni mwao. Katika majuma yale yale Wham! walitoa wimbo wao wa Krismasi, Last Christmas. Wimbo wa Band Aid ulishika nafasi ya kwanza Uingereza, na wa Wham! ukakaa nyuma yake katika nafasi ya pili, nao Wham! wakatoa mapato ya wimbo wao yaende kwa wenye njaa wa Ethiopia. Hivyo mtu mmoja alishindwa na wimbo ambao yeye mwenyewe aliusaidia kuimba, na nyimbo zote mbili zikawatumikia watu wale wale. Mwezi Desemba 2006 alifanya hadhara nyingine: aliwaimbia wauguzi wa hospitali za umma bila malipo katika ukumbi wa Roundhouse, London, kuwa shukrani kwa walivyomuuguza mama yake, ambaye alifariki kwa saratani mwaka 1997.

Namna ya pili haikujulikana ila baada ya kufa kwake. Alifariki nyumbani kwake Goring-on-Thames tarehe 25 Desemba 2016, akiwa na umri wa miaka 53, na katika siku zilizofuata vinywa vilivyokuwa vimefungwa vilianza kufunguka. Esther Rantzen, aliyeanzisha Childline mwaka 1986 ili watoto wenye dhiki wapate mtu wa kuzungumza naye kwa simu, alieleza kwamba George Michael aliipa kazi hiyo mamilioni ya pauni kwa miaka mingi, na kwamba hakutaka jambo hilo litangazwe. Mapato ya wimbo wake wa mwaka 1996, Jesus to a Child, yalikwenda huko. Wimbo huo aliutunga katika msiba wa mpenzi wake Mbrazili, Anselmo Feleppa, aliyefariki mwaka 1993 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Kwa hiyo machozi ya mtu mmoja yaligeuka kuwa faraja ya watoto ambao hawakumjua. Richard Osman, mtu wa televisheni, alisimulia habari za mwanamke aliyesema katika mchezo wa bahati kwamba alihitaji pauni 15,000 za matibabu ya kumwezesha kupata mtoto. Kesho yake George Michael alipiga simu kwa siri akazitoa fedha hizo. Ikasemwa pia kwamba alifanya kazi bila ujira mahali pa kuwahifadhi watu wasio na makazi, akiwaomba wenzake wasimtaje.

Wako wanaodai kwamba siri ya namna hii ina hasara. Hoja yao ina nguvu. Taa iliyofunikwa haiwaongozi wasafiri. Tajiri anayetoa gizani hawafundishi matajiri wengine kutoa. Kama Band Aid wangaliimba kwa siri, wenye njaa wasingalipata kitu. Wengine huongeza kwamba kujificha kwenyewe kunaweza kuwa kiburi kilichovaa nguo za unyenyekevu, maana mtoaji huweza kujisifu ndani ya moyo wake kwamba yeye si kama wale wanaojitangaza. Hoja hizi hazijibiwi kwa kusema kwamba siri daima ni bora. Moyo wa mtu hauna dirisha, na anayepima sadaka kwa usafi wa moyo wa mtoaji hushika mizani isiyo na mawe.

Lakini mizani hupata mawe yake mara sadaka inapotazamwa kutoka upande wa mpokeaji. Waswahili wana neno sitara, nalo lina maana ya kifuniko cha mwili na cha heshima pia. Maskini anapopewa chakula na kuvuliwa sitara, amepata kimoja na kupoteza kimoja. Mwanamke yule alihitaji matibabu. Hakuhitaji kuitwa mpaka mwisho wa maisha yake mtu aliyefadhiliwa na mwimbaji mashuhuri. Mtoto anayepiga simu usiku kueleza maumivu yake ameitafuta siri kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Kwa watu kama hawa kimya si pambo la sadaka. Ni sehemu ya sadaka yenyewe, na akiivunja mtoaji amerudisha mfukoni mwake baadhi ya alichokitoa.

Wala kipimo hiki hakiwahusu watu mmoja mmoja tu. Sadaka ya mwaka 1984 iliokoa maisha, na hilo lisidharauliwe. Hata hivyo wimbo wa Band Aid uliuliza, katika jina lake, kama watu wale walijua kwamba ni Krismasi, hali ufalme wa Aksum, katika nchi iliyo Ethiopia leo, uliupokea Ukristo katika karne ya nne. Taifa lenye maandiko na makanisa ya kale lilionyeshwa kwa dunia kama mifupa na macho tu. Mchango ulistahili kupigiwa ngoma. Waliochangiwa hawakustahili kuvuliwa majina na historia yao. Basi tofauti haiko kati ya siri na hadhara. Iko kati ya kumtangazia mtu msaada na kumtangaza mtu.

Kuna funzo la pili, nalo ni la wanaohukumu. George Michael hakuwa malaika. Mwaka 2010 aligonga duka London kwa gari akiwa amevuta bangi, akahukumiwa kifungo cha majuma manane. Hatari aliyoileta barabarani ilikuwa ya kweli na adhabu ilikuwa ya haki. Magazeti yaliandika habari hizo kwa herufi kubwa, na watu wakadhani kwamba wamemjua. Kumbe walikuwa na nusu ya daftari: makosa yake yalikuwa na mashahidi, na wema wake ulikuwa umenyimwa mashahidi kwa amri yake mwenyewe. Wema wake hauyafuti makosa hayo, na makosa hayo hayaufuti wema wake. Anayejua ukurasa mmoja wa mtu anaruhusiwa kuuhukumu ukurasa huo; hana ruhusa ya kukifunga kitabu.

Je, waliofunua siri zake baada ya kufa kwake walimsaliti? Kama siri ilikuwa mali yake, walimsaliti. Lakini ikiwa ilikuwa mali ya waliopewa, jambo la kuulizwa ni moja tu: je, kuna aliyevuliwa sitara? Rantzen alitaja kazi ya kuwasaidia watoto, hakumtaja mtoto. Osman alitaja haja ya mwanamke, hakutaja jina lake. Mwenye haja akitaka baadaye kujitokeza na kushukuru kwa kinywa chake, hiyo ni haki yake, wala hakuna anayeweza kuitumia kwa niaba yake. Kila Desemba Last Christmas husikika tena madukani na majumbani, na mwanzoni mwa mwaka 2021, zaidi ya miaka 36 baada ya kutolewa, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa mara ya kwanza. Wimbo ni haki ya kila mwenye masikio. Sadaka ya mwimbaji haikuwa hivyo: ilikuwa haki ya aliyepewa, na hata leo ni yeye mwenye idhini ya kuisema.