Robo Tatu Ina Mahali Pake

Robo tatu ni namba moja, si namba mbili zilizotenganishwa na kistari. Mwanafunzi aliyezoea kuiona kama vipande vya chungwa husita akiambiwa aiweke kwenye mstari wa namba, kwa sababu hapo hakuna cha kukata wala kula: kuna umbali tu kutoka 0. Asili, yaani 4, inamwambia agawe nafasi iliyo kati ya 0 na 1 katika sehemu nne zilizo sawa. Kiasi, yaani 3, kinamwambia apige hatua ngapi. Na ahesabu hatua, asihesabu alama, maana alama tatu za ndani zinatosha kutoa nafasi nne, na hapa ndipo wengi hupotea. Akiendelea na hatua zilezile za robo akaipita 1, atafika 7/4, na akitazama vizuri ataona amesimama palepale penye 1¾: sehemu guni na namba mchanganyiko zinakaa kwenye nukta moja. Ningependa kila mtoto aachwe alitafakari jambo hili kwa muda, bila kuharakishwa kwenye kanuni ya kugeuza moja kuwa nyingine. Mstari huo pia unaondoa lile kosa sugu la kudhani 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa kuwa 8 inaizidi 4: nafasi ileile ikigawanywa katika sehemu nane, hatua inafupika, na 1/8 inaangukia katikati kabisa ya 0 na 1/4.